Siku Kopra Pak Ilipopanda Nkoaranga

Nkoaranga, Jumamosi ya tatu ya Julai, jioni.

Baridi kali leo. Ukungu haukuinuka mpaka karibu saa sita, na mlima wenyewe sijauona tangu juzi. Kahawa tuliyoianika haikukauka hata kidogo. Siku nyingine ningenung'unika mpaka usiku, lakini leo mashavu yananiuma kwa kucheka.

Sijaandika humu kwa wiki saba. Sababu ni aibu. Kuna jambo nilikuwa nalifanya ambalo sikutaka kulisoma baadaye kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sasa limekwisha, na limekwisha vizuri, kwa hiyo nitaliandika lote, pamoja na sehemu zinazonifedhehesha.

Nianze na Mama. Huyu ni mama mkwe wangu, mama mzazi wa mume wangu Yohana, mwalimu wa shule. Tangu niolewe hapa, miaka miwili sasa, tunalala chini ya paa moja na kupika jiko moja, na wageni wakituona shambani hudhani amenizaa yeye. Kila Jumamosi Mama alikuwa akishuka na mikungu ya ndizi mpaka barabara kuu, anapanda lori, anauza sokoni mjini, halafu kabla ya kurudi anapitia mtaa wa Kaloleni kwa rafiki yake, Mama Ramesh.

Mama Ramesh ni Mhindi, mjane, mwenye duka la vitambaa, nyuzi na vifungo. Urafiki wao una miaka ishirini na ulianzishwa na mvua. Siku hizo Mama alikuwa akienda mjini kwa miguu, Yohana mgongoni. Mvua ikamkuta Kaloleni, akajibanza kwenye baraza la duka. Ndani alikuwamo mwanamke mgeni aliyetoka Bara Hindi miezi michache tu, naye ana mtoto mchanga, ndiye Ramesh, na hajui Kiswahili isipokuwa "njoo" na "bei gani". Akamtazama Mama. Akamtazama na mtoto aliyelowa. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kikavu na kipande cheupe cha kitu kitamu juu ya karatasi. Mama naye akamkatia kichana cha ndizi.

Wakaendelea hivyo kila Jumamosi. Ndizi zinaingia, kopra pak inatoka.

Kopra pak ndiyo ile tamutamu ya nazi ya Wahindi. Watu wa pwani wana kashata zao, ngumu, za kuvunja kwa meno. Hii ni laini. Hupikwa kwa nazi, maziwa na sukari nyingi sana, ikatiwa iliki, ikamwagwa kwenye sinia lililopakwa samli, ikapoa, ikakatwa vipande vya pembe nne. Ukiiweka mdomoni huna kazi ya kutafuna. Mama alikuwa akila vipande viwili palepale barazani na kurudi na vingine vimefungwa kwenye karatasi, na njia nzima ya kupanda huku alikuwa hataki kuongea na mtu mpaka viishe.

Mwezi wa tano Mama alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akawa anaamka mara nne, mara tano. Nguo zikamlegea. Tulimpeleka hospitali, na Nesi Rebeka, ambaye nilisoma naye shule ya misheni, alichukua mkojo wake kidogo akauchemsha pamoja na dawa ya rangi ya bluu. Mama akakaza macho kwenye kile kichupa. Bluu ikageuka kijani, ikawa njano, ikawa nyekundu kama tofali.

"Mama, ni ugonjwa wa sukari," Rebeka alisema.

Masharti yakafuata. Chai bila sukari. Uji bila sukari. Ndizi mbivu hapana. Vitu vya Wahindi hapana kabisa. Mama aliitikia kila kitu kwa kichwa, kwa utulivu wa kunitisha, na tulipotoka nje akaniambia neno moja tu: "Jumamosi utashuka wewe."

Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa ameamua kutokanyaga tena Kaloleni.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie tu rafiki yake ukweli. Akanijibu, "Mtu amekupa kitu kwa mkono wake miaka ishirini. Utamwambiaje kwamba kilikuwa kinakuua?" Nikamwambia si hivyo Nesi alivyosema. Hakunisikiliza. Akanituma nikamwambie Mama Ramesh kwamba ana mguu mbaya, hawezi kushuka.

Nikaenda nikasema uongo.

Mama Ramesh alisikitika sana. Akaniuliza mguu upi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nikasema wa kulia, halafu nikapata hofu kwamba nitasahau. Akaingia ndani akatoka na kifurushi kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumpa Mama. "Mpelekee. Mwambie apone haraka."

Sasa nifanyeje? Kukikataa kile kifurushi ilikuwa ni kuufichua uongo. Kumpelekea Mama ilikuwa ni kumpelekea ugonjwa. Kukitupa, chakula cha mtu aliyekaa jikoni asubuhi nzima kwa ajili yetu, nisingeweza.

Nilikila.

Chote. Juu ya lori, nimekaa kati ya magunia, nikiwa nimeupa mgongo umma wa watu. Vipande kumi na viwili. Nilifika nyumbani nikasema nimeshiba, na Mama hakuniuliza nimeshiba nini.

Jumamosi iliyofuata hivyohivyo, na iliyofuata tena hivyohivyo. Jino langu la nyuma likaanza kuuma. Yohana akasema nimenenepa na kwamba hewa ya mjini inanipenda. Niliomba msamaha kwa Mungu kila jioni na kila Jumamosi nikala tena, na lazima niandike ukweli hapa: kifurushi cha tatu nilikila kwa furaha.

Jumamosi ya nne Mama Ramesh hakutoka na kifurushi. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya duka, chini ya picha ya Malkia mpya ambayo Ramesh ameitundika pale ilipokuwa ya Mfalme. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanionyesha kiti.

"Mama Yohana amekasirika na mimi," alisema.

"Hapana, Mama."

"Amekasirika. Mguu gani huo wa mwezi mzima? Ile siku ya mwisho yeye alikuja, mimi nilikuwa nasali ndani, Ramesh alimwacha kwenye jua. Hakumpa hata kiti. Kila siku nafikiria hiyo. Miaka ishirini, halafu kiti kimoja."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Ramesh, mtu mzima mwenye masharubu, alijifanya anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Sikuweza tena. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: mkojo, dawa ya bluu, tofali, masharti, mguu usio na ugonjwa wowote. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kopra pak yangu?"

"Nimekula mimi, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

Akaniangalia, kuanzia kichwani mpaka miguuni, hasa hapa katikati. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika meza. Ramesh naye akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, na mteja aliyekuwa anaingia akageuka akaondoka zake.

Alipotulia, akafuta uso kwa ncha ya sari na kusimama.

"Vua viatu," akasema. "Njoo ndani."

Ningependa anayesoma haya aelewe neno hilo. Miaka ishirini Mama ameishia barazani. Si kwa ubaya; ndivyo mji ulivyo. Wazungu wana upande wao juu kule, Wahindi wana maduka yao, sisi tuna vichochoro vya nyuma, na kila mtu anajua mlango upi ni wa kwake. Nilinawa mikono mara mbili. Nikaingia jikoni kwa Mama Ramesh na miguu mitupu, na sakafu ilikuwa safi kiasi kwamba niliona aibu kwa ajili ya nyayo zangu.

Akatoa nazi kutoka kwenye gunia. Huletewa kwa treni kutoka Tanga. Akanikalisha kwenye mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, nikune nazi. Mimi ni mtu wa migomba na kahawa. Nazi ya kwanza niliikuna pamoja na ngozi ya vidole vyangu.

"Tutapika ambayo yeye anaweza kula," akasema. "Mimi siwezi kukaa na rafiki na mdomo wake uko mtupu."

Siku hiyo tulifanya jambo rahisi kabisa. Tuliacha sukari yote. Nazi, maziwa, iliki, basi. Ikatoka kitu kama pumba za mahindi zilizolowa. Hakikushikana, ukikikata kinamwagika. Tulikila kwa kijiko, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Ramesh akaonja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Ma, hii ng'ombe watapenda."

Mama Ramesh alimfukuza kwa mwiko. Lakini alielewa tatizo. Sukari haikuwa utamu tu, ndiyo iliyokuwa inaishikanisha.

Wiki nzima nilifikiria. Katika kupalilia, katika kuchuma kahawa, hata kanisani, Mungu anisamehe. Na Jumamosi ya tano nilishuka na wazo langu mwenyewe, nimelibeba kichwani kwenye kikapu: ndizi mbivu kutoka shambani kwetu, zile fupi nene zenye harufu. Ndizi inashikana na ndizi ni tamu. Nani angehitaji sukari?

Ilishikana, tena ilishikana na kila kitu: sufuria, mwiko, meno. Rangi yake ilikuwa ya matope ya barabara ya Kaloleni wakati wa masika. Lakini ilikuwa tamu! Nilijivuna. Nilifunga kipande nikapanda nacho moja kwa moja mpaka hospitali kumwonyesha Rebeka.

Akakinusa, akakivunja, akauliza tumeweka ndizi ngapi. Nikamwambia kumi na mbili.

"Umeondoa sukari ya dukani," alisema, "ukaweka ya shambani."

Nilitaka kuketi chini palepale kwenye ujia wa hospitali. Lakini Rebeka ni mtu mwema. Alinipa kigoda, akanieleza taratibu kama mtoto. Maziwa yanafaa. Nazi inafaa, lakini ina mafuta, isizidi. Tende chache sana, za kuhesabu, kwa sinia zima, si kwa kipande. Na Mama ale kipande kimoja tu, ukubwa wa kidole gumba, akiwa ameshakula chakula chake, na si kila siku. "Wala usiende ukamwambia ni dawa," alinionya. "Ni kitu kitamu kidogo. Masharti yako palepale."

Kisha akaniambia kwamba mkojo wa Mama wiki ile uliishia kwenye kijani. Nilimkumbatia akiwa na sindano mkononi.

Jumamosi ya sita, ndiyo iliyopita, nilimrudishia Mama Ramesh maneno yote ya Rebeka. Alikaa akafikiri, kidole kwenye kidevu. Akasema kwamba kijijini kwao, utotoni, sukari ilikuwa ya sikukuu tu, na bibi yake alikuwa akichemsha maziwa kwa moto mdogo mpaka yanakuwa mazito kama udongo wa kufinyangia, na yakifika hapo yanakuwa na utamu wake yenyewe. Alikuwa ameusahau upishi huo. Hapa sukari iko dukani, nani akae na maziwa nusu siku?

Tukakaa nayo nusu siku.

Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wetu. Nilishuka nayo alfajiri kwenye kibuyu. Mama Ramesh aliyaweka kwenye karai juu ya mkaa mchache, tukapokezana mwiko. Ukiacha kukoroga kwa muda wa kupiga chafya tu, yanashika chini. Mkono wangu ulikufa ganzi. Yeye alikuwa anaimba kitu kwa Kihindi, mimi nikaimba wimbo wa kanisani, na baada ya muda nyimbo zetu zikawa zinangojana.

Nazi tuliikaanga kwanza kwenye karai kavu, bila chochote, mpaka ikaanza kuwa na rangi ya dhahabu kwenye kingo. Hilo lilikuwa wazo langu, na hili halikuwa baya. Nyumba nzima ilinukia. Kisha ikaingia kwenye maziwa mazito, zikaingia tende tano zilizopondwa, iliki iliyotwangwa muda uleule, na chumvi, nchani mwa vidole tu. Tukaishindilia kwenye sinia. Tukangoja ipoe.

Mama Ramesh akachukua kisu, akakata.

Ikasimama!

Vipande vidogo vya pembe nne, rangi ya maziwa ya chai, vimesimama kila kimoja peke yake. Tulionja. Ramesh akaingia, akachukua kimoja, akarudi akachukua cha pili, akarudi tena, na mama yake hakumwambia kilichomo mpaka alipomeza cha tatu.

Nikasema nitavifunga nimpelekee Mama leoleo.

"Hapana," akasema Mama Ramesh. "Wewe utakula njiani."

Ramesh akacheka mpaka akakohoa. Lakini mama yake hakuwa anatania. "Nitapika vingine Ijumaa, na Jumamosi nitapeleka mimi."

Nilitabasamu njia nzima kurudi. Nilipofika kwenye migomba yetu ya kwanza, tabasamu likaniishia. Anapeleka yeye wapi? Kwetu! Kwenye njia hii ambayo hata sisi wenyewe tunaishuka kwa kushika miti? Wageni wa namna hiyo wakija huku, Bwana Shamba au mchungaji mzungu, huja kwa gari mpaka linapoishia, wanafanya shughuli zao, wanaondoka. Mhindi anayepanda kwa miguu kumtembelea mama wa Kimeru nyumbani kwake sijapata kumwona. Atakaa wapi? Atakula nini? Hali nyama, na kila sufuria nyumbani mwetu imeshaonja nyama.

Nilinunua sufuria mpya. Yohana aliuliza ya nini. Nikamwambia atajua Jumamosi. Kwa Mama sikusema chochote, na nilipata hofu kwamba nafanya uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Ila huu ulikuwa na miguu mizima yote miwili.

Leo, basi.

Saa nne nilikuwa pale barabara ya gari inapoishia. Ukungu mzito, huoni zaidi ya migomba mitatu. Nikasikia gari kabla ya kuliona. Ramesh alikuwa anaendesha kwa uso wa mtu anayepelekwa mahakamani, na kando yake mama yake amepakata debe dogo la biskuti. Alikuwa amevaa sari ya rangi ya majani, sweta la mwanawe, na miguuni raba nyeupe za Ramesh za kuchezea mpira, zimefungwa kamba mara mbili kuzunguka kifundo.

"Ma, huko hakuna barabara," Ramesh alimwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nimuunge mkono.

"Mama Yohana anapita," akamjibu. "Na ndizi kichwani."

Akamwacha hapo alinde gari lake.

Tulipanda kwa saa nzima na zaidi. Nilibeba debe, yeye akashika mkono wangu mmoja na kwa mwingine fimbo niliyomkatia. Alisimama kwenye kila kona. Mara mbili aliteleza akakaa chini kwenye utelezi mwekundu, na mara zote mbili alisema neno la Kihindi ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Wanawake waliokuwa wanachuma kahawa walisimama. Mmoja akauliza kwa Kimeru kama huyu mama amepotea. Nikamjibu kwamba anakwenda kwetu. Akaweka kikapu chake chini ili aone vizuri.

Kwenye kona ya mwisho Mama Ramesh alisimama kwa muda mrefu sana, akihema, akitazama chini tulikotoka.

"Kila Jumamosi?" akauliza.

"Kila Jumamosi, Mama. Miaka ishirini."

Akaishika fimbo, akaendelea.

Mama alikuwa uani, ameinama juu ya kitanda cha kuanikia kahawa anachambua mbovu. Alisikia hatua, akainua kichwa. Sijui alifikiri anaona nini pale kwenye ukungu: sari ya majani iliyopakwa matope mpaka magotini, sweta la mwanamume, raba za mpira. Kahawa ikamdondoka mkononi punje kwa punje.

"Mguu umepona?" akauliza Mama Ramesh.

Mama alinitazama mimi. Nilitazama migomba.

"Mguu haukuwa na kitu," akasema Mama hatimaye. "Nilikuwa naona haya."

"Najua. Huyu amesema. Yeye amekula kopra pak yako yote."

Na kabla sijapata pa kujificha, Mama akatoka nyuma ya kitanda cha kahawa akaenda akamshika, na wote wawili wakawa wanacheka na kulia na kupigana vibao vidogo vya mgongoni, mmoja ananuka moshi wa kuni, mwingine iliki, mpaka Yohana akatoka ndani na kalamu nyekundu mkononi kuuliza kuna msiba gani.

Tulimkaribisha ndani. Nilipika ndizi na maharage kwenye sufuria mpya, nikamwambia kwamba ni mpya. Alinigusa shavu tu. Akala, akaomba tena. Ndipo nilipokumbuka kwamba wanawake hawa, katika miaka yote hiyo, hawajawahi kula chakula pamoja, sahani kwa sahani, wamekaa.

Baada ya kula, debe likafunguliwa.

Mama akarudi nyuma kwenye kiti chake. Niliona mkono wake ukijificha chini ya khanga. Nikamweleza maneno ya Rebeka, yote, kidole gumba, baada ya chakula, si kila siku. Mama Ramesh akamweleza maziwa, tende tano, mkono uliokufa ganzi. Mama akachukua kipande. Akakiweka mdomoni, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya barazani.

Mama Ramesh aliinama kumtazama mdomo. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria tupu bila sababu yoyote.

"Haina sukari," akasema Mama.

Mama Ramesh akanitazama.

"Ina nazi." Akafumbua macho. "Miaka ishirini nakula nazi kwako, na leo ndiyo naijua ladha yake."

Mama Ramesh akachukua kipande chake. Akakitafuna taratibu, akakubali kwa kichwa. "Mimi pia," akasema.

Mama akaunyosha mkono achukue cha pili. Sote wawili tukafunika debe.

Mchana wakakaa mlangoni, ukungu umeinuka, wakiongea ile lugha yao ya sokoni na ya mikono. Nilikuwa naosha vyombo pembeni niliposikia Mama anauliza, polepole, kama mtu anayevuka mto:

"Wewe jina lako nani? Jina lako mwenyewe. Kabla ya Ramesh."

Mama Ramesh akaikunja ncha ya sari yake.

"Savita," akasema. "Hakuna mtu ananiita hivyo tangu mume wangu afe. Na wewe?"

"Ndekirwa."

Mimi mkwe sijawahi kulitamka jina hilo, si adabu. Nalijua tu kwa kuwa nililiona kwenye cheti cha ubatizo. Mama Ramesh alilijaribu. Likatoka "Dekiruwa". Mama akacheka akamrudishia, sehemu kwa sehemu, na yeye akalijaribu tena, mpaka lilipokaa sawa.

Alipotaka kuondoka Mama hakukubali nimsindikize mimi. Alifunga khanga kiunoni, akambebesha kichana cha ndizi mbichi za kupika, akamshika mkono. Mama, ambaye kwa wiki saba hakuuvuka mto ulio chini ya njia yetu. Niliwatazama wakishuka, kila mmoja anamshikilia mwenzake asianguke, na sikuelewa nani anamwongoza nani. Mama alirudi saa kumi na moja, peke yake, amechoka, miguu imejaa matope, akaomba maji, akanywa kikombe kimoja tu kikamtosha.

Jumamosi ijayo anashuka yeye. Ameshasema. Nami nitabaki hapa na kahawa, na kusema kweli nina wivu kidogo.

Kesho ni ibada na nimechoka vizuri. Yohana ameniomba nimfundishe kupika kile kitu, nikamwambia aanze kwa kukoroga maziwa nusu siku, akarudi kwenye madaftari yake.

Hapa ninapoandika, namsikia Mama upande wa pili wa ukuta. Hajui kwamba nasikia. Anajifunza kutamka. "Sabita," anasema. Anangoja kidogo. "Sawita." Anajaribu tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepima nguo mpya peke yake.

Niende nikamsaidie? Au nimwache alipate mwenyewe?